Sanduku Linalohimili Siku ya Kukimbia

Jinsi wanawake wa vijiji vilivyopigwa na vita wanavyoweza kuweka akiba, kukopeshana na kuanza biashara upya

Mwezi Februari 2025 kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji wa Goma, katika Kivu mashariki mwa Kongo, zilivunjwa, na familia nyingi zikashika njia ya kurudi Masisi, Rutshuru na Kalehe. Wengi walikuta mashamba yamemezwa na magugu, zizi halina mbuzi, na nyumba imebaki kuta tu. Mama anayeanza maisha katika hali hiyo hupewa ushauri wa aina mbili: asubiri mradi, au akope. Mradi hufika kwa kuchelewa na kuondoka mapema. Mkopo wa tajiri wa sokoni hauchelewi, ila riba yake hula mtaji kabla haujazaa.

Njia ya tatu wanawake wa Kivu wanaijua: kuchanga kidogo kidogo, kukopeshana wenyewe, na faida kubaki mikononi mwao. Tatizo ni kwamba miongozo mingi ya vikundi vya akiba imeandikwa kwa ajili ya vijiji vyenye utulivu. Mahali ambapo risasi zinaweza kurudi kabla ya mavuno, kanuni hizo zinahitaji kurekebishwa. Kikundi imara ni kile ambacho kikitawanyika usiku huu, kila mwanachama atajua kesho anadai kiasi gani, anadaiwa kiasi gani, na nani wa kumpigia simu. Mbinu zote zinazofuata zinalenga hapo.

1. Jueni aina tatu za kikundi kabla ya kuchagua

Likelemba ndiyo rahisi kuliko zote. Kila mmoja anatoa kiasi kilekile, mmoja anabeba chote, na zamu inazunguka. Hakuna sanduku, hakuna riba, hakuna pesa inayolala. Udhaifu wake huonekana vita ikizuka katikati ya mzunguko: waliobeba mwanzo wameshakula, walio mwisho wa foleni wamebaki na ahadi. Kwa hiyo likelemba ya mahali penye wasiwasi iwe ya watu 5 au 6, ichangwe kila wiki, ili ikamilike ndani ya mwezi mmoja na nusu.

Muso, yaani mfuko wa kusaidiana uliozoeleka sana Kivu ya Kusini, ina masanduku matatu yanayotambulika kwa rangi. La kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la misiba na magonjwa, la bluu ni la pesa zinazotoka nje ya kikundi. Wanachama huchanga kiasi sawa, na mfuko huendelea kukua mwaka hadi mwaka.

Avec ni kikundi cha hisa. Mfumo huu ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukaenea karibu bara zima. Kila mwanachama hununua hisa 1 hadi 5 katika kila kikao kulingana na uwezo wake wa wiki hiyo. Mzunguko huchukua miezi 9 hadi 12, kisha kila kitu kinagawanywa na kuanza upya.

Kwa wanawake waliorudi karibuni, ushauri wangu ni huu: anzeni na likelemba ya mzunguko mmoja au miwili ili mjuane tabia. Anayechelewesha mchango wa likelemba atachelewesha na mkopo. Kisha vukeni kwenda avec, lakini mzunguko wa kwanza uwe wa miezi 6 tu. Na kutoka muso azimeni ile busara ya kutenganisha masanduku, maana pesa ya msiba ikichanganywa na pesa ya mkopo, siku ya msiba huwa haipo.

2. Wanachama wachaguane wenyewe

Avec hufanya kazi vizuri ikiwa na watu kati ya 15 na 25. Kwa kijiji kinachorejea, 15 hadi 20 wanatosha, wakiwa wanakaa umbali wa kutembea kwa miguu. Asije chifu, mchungaji wala mfanyakazi wa shirika na orodha mfukoni. Ukiingizwa na mtu, siku ukishindwa kulipa utamtafuta huyo mtu akutetee.

Kuna mitego mitatu ya kuepuka wakati wa kuchaguana.

Wa kwanza ni kulazimisha uwiano wa makabila. Uhasama haumalizwi kwa kuhesabu vichwa katika kikao. Wanawake wanaouza soko moja, wanaoteka maji kisima kimoja, watachanganyika wenyewe kwa sababu biashara inawahitaji wachanganyike. Mkitaka kuwaleta karibu waliobaki na waliorudi, waanze na kazi ya pamoja, kama salongo ya kufungua njia ya kwenda sokoni, halafu muone nani anamwita nani kwenye kikundi.

Wa pili ni kuunda kikundi cha "waliobakwa" au "wahanga" peke yao. Nia inaweza kuwa njema, lakini kila anayeonekana akiingia kwenye kikao hicho ameshatangazwa kijiji kizima. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyofunguliwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imejulikana kwa kuunganisha matibabu, ushauri wa kisaikolojia, msaada wa sheria na shughuli za kipato. Kikundi cha kijiji kiige muungano huo bila bango: mama mwenye jeraha hilo aingie kama mwanachama wa kawaida, na siri yake ibaki yake. Akihitaji matibabu, aelekezwe na mtu mmoja anayemwamini, si na kikao.

Wa tatu ni kumwacha nje aliye maskini zaidi. Dawa yake ni bei ya hisa. Waulizeni wote, mmoja mmoja, wanaweza kutoa kiasi gani katika wiki mbaya kuliko zote, ile ambayo mtoto ana homa na soko limefungwa. Kiasi kidogo kabisa kitakachotajwa ndicho bei ya hisa moja. Mwenye uwezo atanunua hisa 5. Asiye nacho atanunua 1 na hataona aibu.

3. Viongozi watano na funguo tatu

Chagueni mwenyekiti, ambaye wengi Kivu humwita mama prezida, mwandishi, mtunza sanduku, na wahesabuji wawili. Kura iwe ya siri: kila mgombea awekewe kikapu chake nyuma ya pazia, kila mpiga kura apewe punje moja ya harage. Mama asiyejua kusoma anaweza kuwa mwenyekiti mzuri sana. Mwandishi peke yake ndiye lazima ajue kuandika na kujumlisha.

Sanduku liwe la chuma, lenye kufuli tatu. Funguo washike wanachama watatu wasio viongozi, wanaokaa nyumba mbalimbali. Sanduku lifunguliwe mbele ya kikao tu. Kanuni hii haikusudii kumtuhumu mtunza sanduku bali kumkinga: mtu mwenye silaha akija usiku, mama huyo atasema kweli kwamba hana namna ya kulifungua.

Katiba ya kikundi isizidi kurasa mbili, isomwe kwa sauti na kupitishwa kifungu kwa kifungu. Iseme bei ya hisa, riba, muda wa mkopo, faini za kuchelewa, nani anaweza kuondolewa na kwa sababu gani, na kifungu cha dharura ambacho tutakiona hapa chini. Mkiwa na wanachama wasiokubali riba kwa sababu ya dini yao, kubalianeni mapema namna ya kuendesha mfuko bila riba. Wasigundue jambo hilo siku ya kukopa.

4. Mpangilio wa kikao

Kikao kifanyike siku ileile, saa ileile, mchana, na kisizidi saa moja na nusu. Mpangilio usibadilike:

– Mwandishi anaita wanachama kwa namba zao. Aliyechelewa analipa faini hapohapo.
– Washika funguo wanafungua sanduku.
– Mfuko wa jamii kwanza: kila mtu anatoa kiasi kilekile. Pesa inahesabiwa kwa sauti na kulinganishwa na kiasi ambacho wanachama walikariri kikao kilichopita.
– Hisa: mmoja mmoja anakwenda mbele, anatoa pesa, anagongewa muhuri mmoja kwa kila hisa kwenye kitabu chake. Muhuri humsaidia asiyesoma. Anahesabu alama zake mwenyewe.
– Marejesho ya mikopo.
– Maombi ya mikopo mipya: mwombaji anasema kiasi, kazi ya pesa, na siku ya kurudisha. Kikao kinakubali, kinapunguza au kinakataa.
– Kufunga: salio linatangazwa, wanachama wanalirudia kwa pamoja, kufuli zinafungwa.

Hatua hiyo ya mwisho watu wengi huiruka kwa sababu wamechoka. Msiiruke. Mvua inaweza kuharibu daftari, moto unaweza kuliunguza, na mporaji anaweza kuondoka nalo. Salio lililokaririwa na watu 20 litabaki.

5. Hesabu kwa mfano mmoja

Chukulieni kikundi cha wanawake 20, hisa moja franka 1,000. Tuseme kwa wastani kila mmoja ananunua hisa 2 kwa wiki. Kila kikao kitaingiza franka 40,000. Baada ya vikao 24, yaani takriban miezi 6, wana hisa 960 zenye thamani ya franka 960,000. Mfuko wa jamii ukiwa franka 200 kwa kila mtu kila wiki, umekusanya 96,000 pembeni.

Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Mwenye hisa 20 ana akiba ya 20,000, kwa hiyo anaweza kukopa hadi 60,000. Riba ikiwa asilimia 5 kwa mwezi na mkopo ni wa miezi 2, atalipa riba ya 3,000 kila mwezi na kurudisha jumla ya 66,000.

Mwisho wa mzunguko, tuseme riba na faini zimeongeza franka 144,000. Jumla ni 1,104,000. Gawanyeni kwa hisa 960: kila hisa sasa ni franka 1,150. Mama aliyenunua hisa 48 anaondoka na 55,200, na aliyenunua 24 anaondoka na 27,600. Fanyeni hesabu hii ubaoni au chini kwenye mchanga kabla hamjaanza, ili hata asiyejua kusoma aone faida inatoka wapi. Anayeelewa kwamba riba ya mkopo wake ni pesa ya wenzake, na riba ya wenzake ni pesa yake, hatahitaji kufuatwa mlangoni.

Tatizo la sarafu liamuliwe mapema. Franka ya Kongo hupanda na kushuka dhidi ya dola, na bidhaa nyingi za jumla hupangwa bei kwa dola. Hata hivyo hisa ndogo haziwezi kununuliwa kwa dola, na noti ya dola yenye mchaniko mdogo au ya toleo la zamani hukataliwa sokoni. Wekeni hisa kwa franka, mzunguko uwe mfupi, na pesa ikae kwenye bidhaa kuliko kwenye sanduku. Mkipokea dola kwa sababu yoyote, wahesabuji wawili wazikague pembe zote nne kabla hazijaingia.

6. Kanuni za siku ya kukimbia

Sehemu hii ndiyo iandikwe kwanza, kabla hata ya kununua sanduku.

Pesa isilale. Mikopo ikishaanza, kila kikao kikopeshe karibu kila kitu kilichoingia. Pesa iliyogeuka mihogo, mafuta ya mawese au nguo za mitumba imetawanyika katika nyumba 20, na mporaji mmoja hawezi kuibeba yote. Sanduku libaki na mfuko wa jamii na masalio madogo. Mkiona pesa inarundikana kwa kukosa wakopaji, gawaneni mapema.

Tarehe ya kugawana isitangazwe. Siku hiyo ndiyo sanduku lina pesa nyingi kuliko siku zote, na wanaovizia wanalijua hilo. Gawaneni kwa mafungu mawili katika wiki mbili tofauti, na siku kamili ijulikane kwa viongozi siku moja kabla. Fungu kubwa likiangukia Agosti, litakuta karo ya sekondari na mbegu za msimu A unaoanza Septemba. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure nchini Kongo mwaka 2019, lakini sekondari bado inamsubiri mzazi na pochi yake.

Daftari liwe na nakala. Baada ya kila kikao, ukurasa wa hesabu upigwe picha kwa simu tatu za watu wanaokaa mbali mbali. Ukurasa huo uwe na namba za wanachama badala ya majina. Simu hupekuliwa kwenye vizuizi, na orodha ya majina ya watu pamoja na viwango vya pesa ni hatari mikononi mwa mwenye silaha. Orodha inayounganisha majina na namba ishikwe kichwani na mwandishi na wahesabuji.

Kifungu cha dharura kiwe na meno. Kiseme hivi: mwenyekiti na washika funguo wote watatu wakikubaliana kwamba hali ni mbaya, sanduku lifunguliwe bila kusubiri kikao, na mfuko wa jamii ugawanywe sawa kwa wote, kila mmoja apate nauli na chakula cha siku za kwanza. Mikopo yote isimame, riba isiongezeke, kwa miezi 3. Katika muda huo kila mwanachama atoe taarifa kwa mmoja wa watu wawili waliochaguliwa kuwa wa mawasiliano, mmoja kijijini na mwingine mjini.

Kurudi nako kuna utaratibu. Kikao cha kwanza baada ya kukimbia kisikopeshe chochote. Kisikilize. Aliyeporwa bidhaa zilizonunuliwa kwa mkopo ni tofauti na aliyeziuza akanyamaza. Wa kwanza apewe muda mrefu wa kulipa, au kikao kimfutie sehemu ya deni kwa kura. Wa pili alipe kwa kukatwa hisa zake. Kikundi kisichotofautisha watu hawa wawili kitawapoteza waaminifu.

Simu isaidie, isichukue nafasi ya kila kitu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money hupunguza pesa za kubeba mkononi. Laini ya kikundi iandikishwe kwa jina la mtu mliyemchagua kwa kura, na namba ya siri igawanywe: mmoja ajue tarakimu mbili za mwanzo, mwingine mbili za mwisho. Lakini kumbukeni mwaka 2025. Goma iliposhikwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango na pesa taslimu zikawa adimu. Pesa ya kwenye simu bila wakala mwenye noti haileti unga nyumbani. Wekeni sehemu kwenye simu, sehemu kwenye bidhaa, na kidogo mkononi.

7. Mkopo ufanye kazi inayojulikana

Kabla ya kukopa, mama ajibu mbele ya wenzake maswali matano: nitanunua wapi, kwa bei gani, nitasafirisha kwa kiasi gani, nitatozwa nini njiani, na nikiuza kwa bei ya chini nitabaki na kiasi gani baada ya kulipa riba? Swali la nne ndilo linalofilisi wengi. Barabara za Kivu zina vizuizi, na kila kizuizi kina jeton yake, yaani tiketi ya malipo, au mkono wake. Hesabu inayosahau vizuizi ni hesabu ya faida ya hewa.

Zipo njia za kupunguza gharama hiyo. Wanawake watano wakodi gari moja badala ya kila mmoja kupanda pikipiki. Wasafiri wawili wawili. Waombe risiti kila wanapotozwa, hata kama hawatapewa, maana anayeombwa risiti mbele ya mashahidi hupunguza tamaa. Wanaovuka kwenye Petite Barrière kati ya Goma na Gisenyi wajifunze kwanza kwa waliotangulia ni ada gani halali na ipi ni ya mfuko wa mtu.

Msinunue wote bidhaa moja. Wanawake 12 wa kikundi kimoja wakiuza nyanya soko moja, wanauana bei wenyewe. Gawaneni: unga wa mihogo, maharagwe, mawese, chumvi na sabuni, mandazi, ushonaji. Kila bidhaa ina kalenda yake. Sambaza wa Ziwa Kivu, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazimvuti vizuri na mavuno hupungua. Anayekopa kwa ajili ya sambaza aangalie mwezi kabla ya kuangalia sanduku. Na asiyeweza kumuuza siku hiyohiyo awe na mahali pa kumwanika.

Kilimo kinahitaji tahadhari ya ardhi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ya Kongo ni ya Taifa, lakini vijijini mila ndiyo inayogawa. Huko Bushi, karibu na Bukavu, mwanamke asiye na shamba hupata bwasa, yaani ardhi ya kukodi kwa muda, ambayo hairuhusu migomba wala kahawa, mazao ya msimu tu. Hatari yake ni kwamba mwenye shamba akiona umelirutubisha, analitaka. Kwa hiyo andikeni makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari: misimu mingapi, malipo gani, mashahidi wawili, saini au alama ya kidole. Ombeni misimu 4 kwa mkupuo mmoja badala ya kuomba msimu kwa msimu. Kikundi kikikodi kwa jina la wanachama wote, mwenye shamba atafikiri mara mbili kabla ya kuwafukuza wanawake 20.

Kahawa ni ya mwenye ardhi ya uhakika, kwa kuwa mbuni huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi. Kwa aliye na mti tayari, soko lipo: ushirika wa SOPACDI ulianzishwa huko Kalehe mwaka 2003 kwa ajili ya wakulima waliokuwa wakivusha kahawa kwa mitumbwi hadi Rwanda, na katika kisiwa cha Idjwi shirika la Rebuild Women's Hope la Marcelline Budza limewakusanya wanawake wakulima wa kahawa. Mkopo wa avec usitumike kupanda mbuni. Utumike kwa palizi na mavuno ya mti unaozaa tayari.

8. Nyumbani pawe na makubaliano

Pesa ya mwanamke ikiongezeka, mambo ya nyumbani hayajirekebishi yenyewe. Kaskazini mwa Uganda, baada ya vita vya waasi wa LRA, shirika la AVSI liliwapa watu maskini, wengi wao wanawake, ruzuku ya takriban dola 150 na mafunzo ya siku chache ya biashara, kuanzia mwaka 2009. Watafiti walipofuatilia waliona kipato kimepanda sana, takriban maradufu. Ila sauti ya mwanamke nyumbani haikubadilika kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo kikundi kifanye kazi hiyo kwa makusudi. Kabla ya mikopo ya kwanza, waiteni waume kwenye kikao kimoja cha wazi. Waelezwe kanuni, waone sanduku na kufuli zake, waulize maswali. Mwanamume aliyeona hesabu hueneza uvumi kidogo kuliko aliyezuiwa mlangoni. Baada ya hapo vikao ni vya wanachama.

Kila mama azungumze na mumewe mapema kuhusu gharama: nani analipa karo, nani ananunua chumvi, nani anatoa mahari ya kijana. Bila mazungumzo hayo, mara nyingi baba huacha kutoa kwa sababu mama sasa anapata, na nyumba haiongezewi kitu. Vitabu vya akiba vikae sandukuni, wala kikao kisimlazimishe yeyote kutaja salio lake nyumbani. Mama akionekana na alama za kipigo, mfuko wa jamii uruhusiwe kumsafirisha hadi zahanati au kwa ndugu bila maswali ya hadharani.

Sheria nayo imesogea. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa kupata idhini ya mumewe kabla ya kufunga mikataba. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliifuta idhini hiyo. Bado mume anatajwa kuwa mkuu wa nyumba, na mambo mazito ya mali ya pamoja yanahitaji makubaliano ya wote wawili, lakini afisa anayedai "barua ya bwana" ili mama afungue biashara yake anadai kitu kilichoondolewa. Tafuteni nakala ya sheria hiyo kwa wakili au shirika la wanawake lililo karibu, ikae sandukuni pamoja na katiba.

9. Pesa za wageni zisubiri

Shirika likija na ruzuku mwezi wa pili wa kikundi, ombeni lirudi baada ya mgawanyo wa kwanza. Pesa inayoingia kabla nidhamu haijajengeka huvuta watu waliofuata pesa, na mikopo yake hairudi kwa sababu kila mtu anajua si jasho la jirani. Ikikubaliwa, ikae kwenye sanduku lake, kama lile la bluu la muso, na daftari lake, isigeuzwe kuwa hisa za mtu. Ulizeni mambo matatu kabla ya kutia saini: nani mwenye pesa hii mradi ukiisha, taarifa za wanachama zitapelekwa wapi, na je, mama anaweza kukataa kupigwa picha na bado akapata haki yake?

Kikundi kikikua na kuhitaji kuuza mazao kwa mkataba, ndipo fikirieni ushirika. Kongo ilijiunga na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na chini ya sheria zake ushirika wa aina nyepesi unaweza kuundwa na watu 5 tu, ule wenye baraza la uongozi ukihitaji angalau 15. Jiandikisheni kwa sababu mna mnunuzi anayetaka mkataba. Msijiandikishe kwa sababu mmesikia kuna ruzuku.

10. Mwezi wa kwanza wa avec, wiki kwa wiki

Wiki ya 1: wanawake watano waliomaliza likelemba wakiaminiana wakutane, na kila mmoja ataje majina ya wengine watatu.
Wiki ya 2: kikao cha wote, bei ya hisa na kifungu cha dharura vijadiliwe.
Wiki ya 3: uchaguzi wa viongozi na washika funguo, sanduku, mihuri na daftari vinunuliwe kwa mchango wa wanachama wenyewe.
Wiki ya 4: hisa za kwanza. Mikopo isubiri hadi wiki ya 8, ili kila mtu awe ameshakuja vikao kadhaa mfululizo.

Mzunguko wa kwanza ukiisha, faida isiwe kipimo cha kwanza. Muulizeni kila mwanachama peke yake, bila daftari: una hisa ngapi, unadaiwa kiasi gani, na tukikimbia kesho utampigia nani simu? Wote wakijibu sawasawa, ongezeni bei ya hisa na muingie mzunguko wa miezi 9. Hata watatu wakikwama, rudieni miezi 6 kwa bei ileile, na safari hii salio likaririwe mara mbili.